Je, wajua kwa nini sheria za vita vya mezani hutolewa bure?

Kama hujawahi kuuona huu mchezo ni hivi: watu wazima wawili wamesimama kwenye meza, juu yake kuna vilima na vijumba vya maboksi na vijisanamu vya askari kama mia hivi, vingi ni milimita 28 tu, yaani kama pingili ya kidole gumba, na kila kimoja kimepakwa rangi mpaka vifungo vya koti. Mmoja anavuta futi, anapima inchi 6, anasogeza kikosi, anarusha dadu, mwenzake anakunja uso. Sasa vile vijisanamu ni ghali balaa, kuna watu wanajinyima miezi ili wajaze jeshi, lakini kitabu cha sheria, kitu chenyewe kinachofanya vijisanamu viwe mchezo na sio pambo la kabatini, mara nyingi unakipakua bure kabisa na wala hujamwibia mtu. Inakuwaje?

Kwanza kuna mambo ya hakimiliki, wengi hawajui hili. Namna ya kucheza haina mwenyewe. Hakimiliki inalinda maneno uliyoandika, michoro yako, na visa vya ile dunia uliyoibuni, lakini haikulindi eti kwa sababu wewe ndo ulikuja na wazo kwamba dadu ikitoka 4 kwenda juu risasi imempata mtu. Kule Marekani sheria imeandika wazi kwenye kifungu cha 102(b) kwamba wazo, utaratibu, mfumo au njia ya kufanya jambo havipewi ulinzi huo. Kwa hiyo mtu akiuchukua mchezo wako akauandika upya kwa maneno yake na kuupa jina lake, utanuna sana ila kwa hilo tu humpati. (Jina la mchezo ni kesi nyingine, hilo linaweza kuwa alama ya biashara, usiliguse.) Sasa kama sheria zenyewe huwezi kuzifungia kabatini, kwa nini uzitegemee zikulishe?

Ndo maana hela iko kwenye vijisanamu. Mfano ninaoupenda ni One Page Rules, watunzi wa michezo hii, ambao sheria zao za msingi ni bure, halafu wanauza mafaili ya vijisanamu unayochapa mwenyewe kwa printa ya 3D. Na sheria zao ni fupi kweli. Chukua askari 10, kila mmoja anapiga risasi moja, unarusha dadu 10, na kama ubora wao ni 4+ basi kila dadu iliyotoka 4, 5 au 6 imepata, hapo kwa kawaida unapata kama 5 hivi. Zile 5 anapewa mwenzako naye azirushe, ulinzi wa askari wake tuseme ni 5+, kwa hiyo anaokoa mmoja au wawili, waliobaki anawatoa mezani. Basi, kupiga risasi umeshajua.

Makampuni makubwa nayo yanatega ndoano hiyo hiyo, ila kwa ujanja zaidi. Games Workshop, kampuni ya Uingereza, mwaka 2015 walitoa mchezo wa Age of Sigmar, sheria zake kurasa 4, bure, tena na mizaha kwenye karatasi za majeshi, kuna shujaa mmoja ambaye ungeruhusiwa kurudia dadu eti kama sharubu zako ni kubwa na za kuvutia kuliko za mpinzani wako, namaanisha wewe mchezaji, sio kijisanamu. Watu walicheka, halafu wakagundua hamna pointi. Pointi ndo zinazosema kikosi hiki kina thamani gani kulinganisha na kile, bila hizo mtu anaweza kuja na majoka matano wewe una wapiga mishale kumi na hakuna wa kumzuia. Kelele zikawa nyingi, na mwaka uliofuata pointi zikarudi, ndani ya kitabu cha kununua. Mwaka 2023 pia, toleo la kumi la Warhammer 40,000, mchezo wao mwingine, lilianza na sheria za msingi bure pamoja na kadi za majeshi (zenye sheria za kila kikosi) bure, kisha vitabu vya kila jeshi vikaanza kuja dukani kimoja kimoja kuchukua nafasi ya zile kadi. Rahisi ghali, wahenga walishaona mbali. Kwa hiyo ukikuta bure angalia bure ya nini, manake sheria za msingi bila orodha za majeshi ni kama gari bila matairi.

Ila mi naona sababu nzito kuliko zote ni mpinzani. Huu mchezo huwezi kucheza peke yako (basi unaweza, ila unachosha), na kumshawishi rafiki anunue kitabu cha mchezo asioujua ni kazi kweli, wakati ukimtumia PDF na kumwazima nusu ya askari wako, jioni hiyo hiyo mnacheza. Blood Bowl, mchezo wa Games Workshop ambao vijisanamu vinacheza mpira badala ya vita, ni ushahidi, sheria zake zilikaa kwenye PDF ya bure, kampuni ikaja kuutelekeza, mashabiki wakaendelea na ligi zao kwa PDF hiyo hiyo mpaka 2016 toleo jipya likatoka na kukuta wachezaji bado wapo.

Na kuna za bure kwa sababu ya uzee tu. H. G. Wells, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alichapisha kitabu cha Little Wars mwaka 1913, akafariki 1946, na leo hata kwao Uingereza hakimiliki imeshaisha, soma, nakili, tafsiri, hamna wa kukuuliza. Askari wa miguu anakwenda futi 1, wa farasi futi 2, na mzinga haufyatuliwi mpaka uwe na watu wanne ndani ya inchi 6. Dadu za kupigia hamna, manake mzinga wake ni wa springi na unarusha kipande cha mti kweli, akiangushwa amekufa, na Wells anajisifu kwamba ulikuwa unampata askari mara tisa kwa kumi kutoka yadi 9. Sheria hizo unazo bure leo hii, mzinga wa springi wenye shabaha ya namna hiyo sasa utautafuta mwenyewe.