Neno “seva” na mambo linayobebeshwa

Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu wa TEHAMA, swali hili: “Ile tovuti inatumia Apache au Linux?” Kwa ufupi, seva ya wavuti ni programu inayokaa ikisubiri maombi ya vivinjari na kuyajibu, mfumo endeshi ni programu inayoisimamia mashine yenyewe, yaani kumbukumbu, diski na mtandao, ili programu nyingine zipate pa kufanyia kazi. Apache, nginx na IIS ni za aina ya kwanza. Linux, FreeBSD na Windows ni za aina ya pili.

Mkanganyiko, nadhani, unaanzia kwenye neno lenyewe. Waingereza walilitoa katika kitenzi cha kuhudumia, na lau tungelitafsiri tungepata “mhudumu”, yule yule anayekuletea sahani mgahawani, ambaye hakuna anayemchanganya na jengo la mgahawa. Tulipolikopa kwa sauti tu likawa “seva”, kitendo kikapotea masikioni, kikabaki kile kisanduku chenye feni zinazovuma ndani ya chumba cha kiyoyozi. Wahandisi wanaotumia Kiingereza hawakukisahau kitendo: kwenye mashine za Red Hat, toleo mojawapo la Linux, Apache huorodheshwa kwa jina la httpd, na ile d ya mwisho ni kifupi cha daemon, neno lenye asili ya Kigiriki, ambalo wataalamu wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walianza kulitumia mwaka 1963 kwa programu inayofanya kazi chinichini bila kuamrishwa na mtu. Sisi tungesema pepo. Na pepo, kama wajuavyo waliowahi kuhudhuria ngoma zake, si kiti chake, yaani si yule mtu aliyepandwa naye.

Pepo mmoja huweza kupanda viti vingi. Apache, iliyoanza mwaka 1995, huendeshwa juu ya Linux na vilevile juu ya Windows. Netflix husambaza filamu zake kwa nginx iliyo juu ya FreeBSD, ilhali kwingineko nginx hiyo hiyo huwa juu ya Linux. IIS ndiyo isiyotoka nje ya Windows.

Anayetaka kujionea aandike amri ya curl -I na anwani ya tovuti kwenye dirisha la amri la kompyuta, kisha autafute mstari unaoanza na neno Server. Huenda akakuta Apache/2.4.57 na, ndani ya mabano, Debian, toleo jingine la Linux: la kwanza ni seva, la pili ni mfumo endeshi, vyote vimepangwa kana kwamba ni jina moja la ukoo. Nao mstari huo si wa kuaminiwa kila mara. Agosti 2003, vipimo vya Netcraft, kampuni inayochunguza tovuti zinaendeshwa kwa nini, vilionyesha tovuti ya Microsoft ikiendeshwa kwa IIS juu ya Linux, jambo lisilowezekana, na watu wakacheka sana. Kumbe mbele yake zilikuwa zimewekwa mashine za Akamai, kampuni inayosambaza kurasa za tovuti za wengine, zenye Linux, kupokea maombi. Jina la IIS lilitoka nyuma, kwenye mashine za Microsoft zilizokuwa na kurasa zenyewe.

Basi ndugu aliyeniuliza hakukosea majina, alikosea kiunganishi tu. Badala ya “Apache au Linux” aseme “Apache juu ya Linux”, na akishuku kwamba kuna mwingine amesimama mlangoni, aulize pia iko nyuma ya nani.