Theluji Ndani ya Majina ya Milima

Friza ya duka la jirani yetu hapa Kuze ikikaa wiki tatu haijasafishwa, kuta zake za ndani hujaa unga mweupe. Mwenye duka huukwangua kwa mwiko, unaangukia kwenye karai, na kabla hajafika barazani kuumwaga ushaanza kuwa maji. Juzi mpwa wangu alichota kiganja kimoja, akakikamata mpaka vidole vikamfa ganzi, akaniuliza, “Mjomba, hii ni theluji au ni barafu?”

Si theluji, wala si barafu hasa. Unga ule ni sakitu: unyevu wa hewani ulioganda moja kwa moja juu ya kitu cha baridi. Barafu ni maji yaliyoganda, kama lile bonge wanalolivunja wauza samaki ili samaki asiharibike. Theluji huzaliwa mawinguni, mvuke unapoganda ukawa vipande vidogo vyepesi vyenye pembe sita, vikashuka polepole na kulaliana chini.

Swali lake lilikuwa na mkia. Shuleni walipewa kazi ya jiografia, na katika ramani ya Marekani ameliona jimbo la Nevada. Ameambiwa kwamba kwa Kihispania nevada maana yake ni “yenye theluji”, na kitabu chake kinasema Nevada ni jangwa. Sasa nani mwongo?

Hakuna mwongo. Ila jina la theluji ni jina la kusomwa kwa makini. Ninaposema jina la theluji nakusudia jina la mlima, kisiwa au nchi ambalo ndani yake mna theluji yenyewe, au weupe wake, au baridi yake. Yako mengi duniani, na aghalabu humweleza aliyetazama kuliko yanavyoueleza mlima: alisimama wapi, alikuwa mwenyeji au mpita njia, na siku ile aliona nini.

Sisi wa pwani hata maneno yenyewe tuliyapata kwa njia ya bahari. Theluji ni thalj ya Kiarabu. Barafu ni barf ya Kiajemi, na hapo pana jambo la kupendeza: kwa Waajemi barf ndiyo theluji inayoanguka, ilhali bonge la maji yaliyoganda wao huliita yakh. Neno lilipotia nanga kwetu, kwa watu ambao hawajaona theluji ikianguka, likahamia kwenye kitu cha baridi kinachoshikika.

Jina kubwa kuliko yote ya aina hii ni Himalaya. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kisanskriti: hima, theluji, na alaya, makao. Makao ya theluji. (Hima hii haina undugu na hima yetu ya kwenda haraka.) Neno hilohilo limo katika Himachal Pradesh, jimbo la kaskazini mwa India, ambalo jina lake ni la mlima wa theluji. Mashariki zaidi, mpakani mwa Nepal na India, uko Kangchenjunga, mita 8,586, wa tatu kwa urefu duniani, ambao kwa Kitibeti hufasiriwa kuwa hazina tano za theluji kuu, kwa sababu ya vilele vyake vitano. China wana Yulong Xueshan huko Yunnan, na neno xueshan maana yake ni mlima wa theluji tu. Taiwan nako kuna mlima uitwao Xueshan bila nyongeza yoyote.

Majina mengine hayataji theluji. Hutaja rangi, na msikilizaji anajua ni rangi ya nini. Mont Blanc wa Ulaya, kwa Kifaransa, ni mlima mweupe. Mauna Kea wa Hawaii, mita 4,207, nao ni mlima mweupe kwa lugha ya wenyeji, katikati ya bahari ya joto. Tenerife, kisiwa kilicho jirani na pwani ya Afrika Magharibi, hufasiriwa kwa lugha ya wenyeji wa kale wa kisiwa cha pili cha La Palma kuwa mlima mweupe. Wao walikuwa wakikiona kilele cha Teide kwa mbali, ng’ambo ya maji. Warumi nao walikuwa na jina la Nivaria katika visiwa hivyo, kutokana na neno lao la theluji.

Katika kundi hili jina lililo karibu na nyumba zetu ni Lebanoni. Ubani tunaofukiza kwenye chetezo Alhamisi jioni ni luban ya Kiarabu, na mzizi wake ni l, b, n, wenye maana ya weupe, kwa kuwa utomvu wake hutoka mweupe kama maziwa. Laban ni maziwa. Mzizi huohuo ndio ulioipa jina milima ya Lebanoni, ambayo majira ya baridi hukaa na vilele vyeupe huku watu wa ufukweni wakiendelea na shughuli zao. Karibu yake uko Jabal al-Shaykh, mita 2,814, mlima wa shekhe, na wazee wa lugha husema ni kwa sababu ya kichwa chake chenye mvi. Jina lake la zamani la Kiaramu lilikuwa Tur Talga, mlima wa theluji. Talga na theluji yetu ni ndugu wa damu.

Sasa tazama anayetaja theluji ni nani. Mlima mrefu kuliko yote ya Wales, mita 1,085, Waingereza wameuita Snowdon, yaani kilima cha theluji kwa Kiingereza cha kale. Wawelsh walioishi chini yake wakauita Yr Wyddfa, kaburi, kwa ngano ya jitu lililozikwa kileleni. Mgeni aliona weupe kwa mbali. Mwenyeji alikuwa na hadithi ya mlima wake. Mwaka 2022 mamlaka ya hifadhi ya huko iliamua kutanguliza jina la Kiwelsh, na mimi naona walitenda haki.

Kwetu ni vivyo hivyo. Wamaasai, wanaoutazama Kilimanjaro kutoka nyikani, wameuita Oldoinyo Oibor, mlima mweupe. Wachaga wanaolima migomba na kahawa miteremkoni huita kila kilele kwa jina lake, Kibo na Mawenzi. Lakini kanuni hii isikazwe sana, maana Wakonzo wa Rwenzori wanakaa mlimani kwao na bado wanaitaja theluji waziwazi: nzururu. Rwenzururu, jina la ufalme wao uliotambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009, ni nchi ya theluji. Kwao nzururu ni jambo la heshima na imani, si mandhari ya kupigia picha.

Na Kilimanjaro? Kilima tunakifahamu, ila njaro imeleta mabishano tangu zamani. Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, alisikia kwa watu wa pwani kwamba ni mlima wa ukubwa, au pengine wa misafara. Wengine hulitafuta katika Kichaga. Wataalamu hawajakubaliana mpaka leo, kwa hiyo nilimkataza mpwa wangu asiandike kwamba Kilimanjaro maana yake ni mlima unaong’aa kana kwamba jambo limekwisha.

Lakini liko neno moja la Kiswahili kuhusu theluji ya Kibo ambalo tarehe yake tunayo. Johannes Rebmann, mwenzake Krapf katika misheni ya Rabai, hapo nyuma ya Mombasa, aliondoka na msafara kuelekea Uchagani kupitia Taita. Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 aliiona milima, na juu ya mmoja wao kitu alichodhani ni wingu jeupe linalometameta. Weupe ule kiongozi wake wa njia aliuita kwa neno moja, ambalo Rebmann aliliandika alivyolisikia: beredi. Baridi.

Rebmann, aliyekulia Ujerumani na kuijua theluji tangu utoto, katika shajara yake aliandika kwamba kiongozi alisema “baridi” tu, kana kwamba jibu lilipungua. Mimi naona halikupungua hata chembe. Mtu anayepita nchi kavu ya joto namna ile, akioneshwa kitu cheupe juu ya mlima, akajibu “baridi”, amesema kile chenyewe kinachoifanya theluji iwepo. Ingekuwa mimi ndiye niliyeandika historia ya jiografia ya Afrika Mashariki, neno lile lingekuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Rebmann alitoa habari kwamba ameona theluji, na London hawakuamini. William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeandika juu ya bara la Afrika akiwa huko Uingereza, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mwaka 1862 mpelelezi Mjerumani, Baron von der Decken, alipanda Kilimanjaro hadi zaidi ya mita 4,000 na theluji ikamwangukia. Miaka zaidi ya mia mbili kabla ya hapo, mwaka 1623, nahodha Mholanzi Jan Carstenszoon alikuwa ameona weupe juu ya milima ya New Guinea, kisiwa kilicho karibu na ikweta pia, naye alichekwa kwao. Baadaye Waholanzi haohao waliiita milima ile Sneeuwgebergte, milima ya theluji.

Hesabu yake ni nyepesi, na tuliifanya pale barazani kwa penseli. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi. Anza na nyuzi 30 za mchana wa Mombasa. Panda hadi mita 5,895, kilele cha Kibo. Zimeondoka nyuzi 38. Umebaki nyuzi 8 chini ya sifuri, na ikweta haijasogea.

Mwaka mmoja baada ya Rebmann, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf akiwa Ukambani, upande wa Kitui, aliuona mlima wa pili. Wakamba waliuita Kiinyaa. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba jina linatokana na mbuni: mwamba mweusi uliochanganyika na theluji nyeupe ulifanana na manyoya ya mbuni dume. Jina la mlima likawa jina la koloni mwaka 1920, na ukanda wetu wa pwani ukaitwa nchi lindwa ya Kenya. Basi kitambulisho changu na chako, hapa palipo na minazi na mikoko, kina jina lililoanzia kwenye milia ya theluji juu ya mwamba.

Turudi Nevada. Wahispania walizoea kuiita safu yoyote yenye vilele vyeupe sierra nevada. Iko moja kwao kusini mwa Hispania, na nyingine waliitaja California mwaka 1776. Mwaka 1864 eneo lililo upande wa mashariki wa safu hiyo ya California lilipokuwa jimbo, likabeba jina la mlima. Safu huzuia mawingu yanayotoka Pasifiki. Mvua na theluji huishia juu yake, na ng’ambo ya pili hubaki ukame. Kwa hiyo mlima uliolipa jimbo jina la theluji ndio ulioliacha bila maji. Mpwa wangu alilipenda jibu hilo, akalipigia mstari.

Amerika ya Kusini neno nevado limekuwa nomino ya kawaida kwa mlima wenye theluji ya kudumu. Huko Colombia, Nevado del Ruiz ni volkano. Tarehe 13 Novemba 1985 ililipuka, ikayeyusha theluji na barafu ya kileleni, tope likashuka mabondeni na kuufukia mji wa Armero. Walikufa watu 23,000 hivi.

Ajabu zaidi ni kisiwa cha Nevis katika Karibi, ambako theluji haianguki kabisa. Wahispania waliona wingu jeupe likiwa limekaa juu ya kilele chake, wakakipa kisiwa jina la Bikira Maria wa Theluji, Nuestra Señora de las Nieves. Mkia wa jina ukabaki: Nevis. Kule walidhani wingu ni theluji. Rebmann alidhani theluji ni wingu.

Kiswahili nacho kina mahali pake pa aina hii. Wapandao Kilimanjaro kwa njia ya Machame hulala, kabla ya usiku wa kileleni, katika kambi iliyo juu ya mita 4,600, iitwayo Barafu. Hapo ndipo neno la Kiajemi lililoshuka melini lilipofika juu kuliko kote. Barafuto za Kibo, yaani zile ngao za barafu ya kudumu, zilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, na zaidi ya asilimia 80 zimekwisha. Venezuela wana Sierra Nevada ya Mérida, na mwaka 2024 barafuto yao ya mwisho, ya kilele cha Humboldt, ilihesabiwa kuwa imesinyaa kiasi kwamba haistahili tena kuitwa barafuto. Hifadhi ya taifa ya milima ile bado inaitwa Sierra Nevada.