Tiketi ya ruhusa haikuwa cheti cha uhuru

"Babu yetu aliachiwa huru mwaka 1834." Sentensi za namna hii zimejaa kwenye simulizi za koo za Australia, na ukidai ushahidi mara nyingi unaoneshwa tiketi ya ruhusa. Basi huyo babu hakuwa huru. Alikuwa bado mfungwa.

Kwa ufupi, tiketi ya ruhusa ni kibali alichopewa mfungwa aliyepelekwa makoloni ya Australia kutoka Uingereza au Ireland, ajitafutie kazi na mshahara wake katika wilaya iliyotajwa, kabla ya kifungo kwisha. Mtanzania akiwaza parole atakuwa karibu kabisa, maana parole ni kizazi cha tiketi hiyo.

Wengine huiona kama huruma ya serikali. Ilianza kama hesabu ya chakula. Mwaka 1801 Gavana Philip Gidley King wa New South Wales, koloni la Uingereza huko Australia, alikuwa na wafungwa wengi wanaokula posho ya ghala la serikali; aliyeweza kujilisha akapewa tiketi na kuondolewa kwenye posho. Masharti ya muda yalikuja baadaye: kufikia miaka ya 1820, mwenye kifungo cha miaka 7 alingoja 4, wa 14 alingoja 6, wa maisha alingoja 8, tena awe na mwenendo mzuri. Akihama wilaya bila kibali, au akiharibu mwenendo, tiketi ilifutwa na alirudi kwenye kazi za lazima. Hata kuoa kulitaka ruhusa ya gavana.

Uhuru ulikuwa na karatasi zake. Aliyemaliza miaka yake alipewa cheti cha uhuru. Wa kifungo cha maisha hakuwa na siku ya kumaliza, kwa hiyo tegemeo lake lilikuwa msamaha, nao ulikuwa wa aina mbili. Wenye masharti ulimfanya huru koloni lakini ukamfungia njia ya kurudi Uingereza. Ule kamili ulimfungulia njia zote.

Makarani wa wakati ule hawakuyachanganya haya. Sensa ya New South Wales ya 1828 iliandika hali ya mtu kwa herufi: TL ni mwenye tiketi, FS amemaliza kifungo, CP na AP wamesamehewa, CF alikuja huru, BC kazaliwa koloni. Karani angeona umuhimu gani wa kutenga TL na FS kama yote ni uhuru?

Ila herufi hizo nazo zisomwe kwa jicho kali, kwa sababu mtu aliulizwa akajibu. Mary Reibey, ambaye leo picha yake iko kwenye noti ya dola 20 ya Australia, alihukumiwa miaka 7 mwaka 1790 kwa wizi wa farasi na kufikishwa Sydney 1792. Akatajirika kwa biashara, akaenda Uingereza kutembea, akarudi. Sensa ilipomfikia alisema alikuja huru mwaka 1821. Kwa safari ile ya pili, hakudanganya!

Tiketi haikutegemea majibu ya namna hiyo. Iliandikwa ofisini: meli, mwaka wa kufika, mahakama iliyomhukumu, kifungo, kazi aliyoijua, kimo, rangi ya macho, hata makovu na chale. Mfungwa alibeba tiketi, kishina kikabaki serikalini, na vishina vingi vimehifadhiwa kwenye nyaraka za jimbo. Kwa mtafutaji wa ukoo ni mali kubwa.

Kwa hiyo ukikipata kishina, andika tu kwamba mwaka huo alipewa tiketi ya ruhusa. Kisha tazama palipoandikwa kifungo. Ikiwa ni miaka 7 au 14, tafuta cheti cha uhuru katika miaka inayofuata, bila kusahau kwamba huenda alisamehewa kabla. Ikiwa ni maisha, usihangaike na vyeti. Nenda moja kwa moja kwenye madaftari ya misamaha.