Je, wajua kwa nini pikipiki ya vita huwaka bila betri?

Tuliikuta kwenye banda la kahawa kule Tukuyu, imefunikwa magunia, kuku wametagia kwenye tandiko. Fundi wangu wa Soweto, hapa Mbeya, akakwangua rangi ya injini kwa ncha ya kisu mpaka herufi zikajitokeza: WM20. Ni BSA M20, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza. Jeshi la Uingereza lilichukua pikipiki za aina hiyo takriban 126,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ina silinda moja ya cc 496, nguvu farasi 13 tu, na nyuma haina shokapu hata moja.

Betri haikuwepo. Hata hivyo fundi alifungua plagi, akaichomeka kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha silinda, kisha akasema, "Piga kiki, mwanangu, tuone kama kuna moto." Moto gani, na betri hakuna?

Jibu limo kwenye kidude cha ukubwa wa ngumi mbili kilichofungwa nyuma ya silinda: magneto. Ndani yake kuna sumaku ya kudumu, na katikati ya sumaku huzunguka kipande cha chuma kilichosukiwa nyaya za aina mbili. Wa kwanza ni mnene, wa mizunguko michache. Wa pili ni mwembamba kama unywele, wa maelfu ya mizunguko. Ukipiga kiki, injini inauzungusha mkusanyiko huo, na umeme unazaliwa kwenye waya mnene. Umeme ukifika kileleni, pointi, yaani vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana, zinafunguka na kuukata ghafla. Ule mkato ndio siri yote, kwa sababu unaamsha maelfu ya volti kwenye waya mwembamba, na cheche inaruka kwenye plagi. Betri ya volti 6 iliyokuwemo ilikuwa ya taa na honi.

Kwa tarishi wa jeshi aliyebeba barua usiku, peke yake, hilo lilikuwa jambo la uhai. Betri ikipasuka au ikiishiwa chaji, safari inaendelea. Waingereza walikuwa wamejifunza thamani ya kifaa hiki kwa uchungu. Magneto ya volti kubwa ilikamilishwa mwaka 1902 na Gottlob Honold katika karakana ya Bosch, Stuttgart, na Uingereza ikazoea kuagiza huko huko. Vita vya 1914 vilipoanza, muuzaji akawa adui, ikabidi wajifunze kuzitengeneza wenyewe kwa haraka.

Yetu sasa haikutoa moto. Kuifungua tu ilikuwa kazi, maana nati za Kiingereza za zamani hazikubali spana za milimita; ukilazimisha unakula pembe za nati. Ndani tulikuta tatizo ambalo kila anayefufua pikipiki hizi atakutana nalo: vanishi ya kale iliyopakwa kwenye nyaya, inayotokana na utomvu wa wadudu wa Asia, imelainika na kunata kama asali. Unyevu wa Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa msimu tu, haukuisaidia. Kondensa nayo ilikuwa imekufa. Kazi yake ni kuzuia pointi zisichomeke na kuufanya ule mkato uwe wa ghafla kweli kweli. Ikichoka, pikipiki huwaka ikiwa baridi halafu hugoma ikishapata joto.

Nyaya tulimpelekea fundi wa kusuka mota, wale wanaosukia watu mashine za kusaga. Alisuka kwa siku nne, akitumia lenzi, akamalizia kwa vanishi ya kisasa. Tukaweka kondensa mpya, tukasugua pointi kwa msasa laini, tukapima uwazi wake: milimita 0.30.

Kulikuwa na jambo moja la hapa kwetu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani huku inamimina petroli nyingi mno, plagi inajaa masizi. Tukashusha sindano ya kabureta nochi moja ili petroli ipungue.

Kabla ya kiki, fundi alirudisha nyuma kile kishikio kidogo cha usukani kinachochelewesha cheche. Ukikisahau, cheche inawahi, pistoni inarudi kinyume, na kiki inaweza kukuvunja kifundo cha mguu. Kiki ya tatu ikashika. Tukaiacha ingurume dakika ishirini mpaka silinda haishikiki, tukaizima, tukasubiri kidogo, kisha nikapiga kiki tena ikiwa ya moto vile vile. Ikashika mara moja.