Waliouza Fainali ya 1919: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Tarehe 1 Oktoba 1919, mjini Cincinnati, mrushaji Eddie Cicotte wa timu ya besiboli ya Chicago White Sox alimgonga kwa mpira mpigaji wa kwanza wa Cincinnati Reds, Morrie Rath. Ulikuwa mpira wake wa pili tu siku hiyo. Kwa wacheza kamari waliokuwa wakisubiri, hiyo ndiyo ishara waliyokubaliana: dili lipo. White Sox walipoteza fainali za World Series kwa mechi 5 kwa 3, na baadaye wachezaji wao wanane wakafungiwa maisha. Sakata hili la “Black Sox” limesimuliwa kwa zaidi ya miaka 100, na chumvi iliyotiwa ni nyingi.

“Waliuza mechi kwa sababu walilipwa kiduchu.”

Hii inapendwa kuliko zote, maana inampa msomaji tajiri bahili wa kumchukia: mwenye timu, Charles Comiskey. Lakini kumbukumbu za mikataba walizozichambua watafiti zinaonyesha kuwa mwaka 1919 White Sox walikuwa miongoni mwa timu zenye mishahara mikubwa zaidi, kuwazidi hata Reds waliowafunga. Kilicho kweli ni kwamba mkataba wa enzi zile ulimfunga mchezaji kwenye timu moja mpaka timu yenyewe iamue kumwachia. Hakuwa na pa kwenda kutafuta zaidi. Ilikuwa dhuluma, ila iliwakuta wachezaji wa ligi nzima, wakiwemo wenzao wa White Sox waliocheza kwa jasho lao. Dickie Kerr, mrushaji kijana, alishinda mechi mbili za fainali hiyo huku wenzake wakiuza nyingine.

Kuna na tawi la hadithi hiyo: eti Cicotte aliahidiwa bonasi ya dola 10,000 akifikisha ushindi wa 30, kisha Comiskey akaamuru awekwe benchi asiipate. Akiwa na ushindi 29, Cicotte alipangwa kuanza mechi ya Septemba 24. Alirusha vipindi saba, akatoka timu yake ikiwa nyuma. Nafasi aliipata. Dola 10,000 tulizo na uhakika nazo ni zile alizokiri kuzikuta chini ya mto wake hotelini kabla ya mechi ya kwanza.

“Arnold Rothstein ndiye aliyewarubuni.”

Wazo lilitoka kwa wachezaji. Chick Gandil na Cicotte ndio waliowaendea wacheza kamari. Rothstein, tajiri wa kamari wa New York, anatajwa sana kama mwenye fedha, ila hakuwahi kushtakiwa. Na makundi ya wacheza kamari yalikuwa zaidi ya moja, kila moja likiahidi makubwa na kutoa machache.

“Mahakama iliwasafisha.”

Agosti 2, 1921, waliofikishwa mahakamani waliachiwa. Jimbo la Illinois, ambako kesi ilisikilizwa, halikuwa na sheria ya kumwadhibu mtu kwa kuuza mechi tu, hivyo walishtakiwa kwa kula njama za kulaghai, kosa gumu kulithibitisha. Wengine husema waliponyoka kwa sababu maungamo yao yaliibwa. Karatasi zilipotea kweli, lakini makarani walikuwa na daftari zao za hati mkato, na maungamo ya Cicotte, Lefty Williams na Joe Jackson yalisomwa mahakamani. Siku iliyofuata kamishna wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, aliwafungia wote wanane.

“Jackson alicheza vizuri mno, hawezi kuwa aliuza.”

“Shoeless” Joe Jackson alipiga wastani wa .375, yaani alifanikiwa mara 12 kati ya 32, na hakufanya kosa hata moja uwanjani. Takwimu hizo zinavutia mpaka uzigawe. Katika mechi tatu walizoshinda, alifanikiwa mara 6 kati ya 11. Katika tano walizopoteza, mara 6 kati ya 21. Pigo lake pekee la kuzunguka vituo vyote lilikuja mechi ya nane, Reds wakiwa tayari mbele kwa pointi 5. Hii haithibitishi kwamba alilegeza makusudi, lakini haimsafishi. Na mwenyewe aliungama kwamba alipokea dola 5,000, kati ya 20,000 alizoahidiwa.

“Wote wanane walikula.”

Hapa ndipo naona haki ilipotea. Buck Weaver alihudhuria vikao vya njama, akajua kila kitu, akanyamaza. Haijathibitishwa kuwa alipokea hata senti. Alipiga .324. Landis alimhukumu kwa kukaa na wala njama bila kuripoti, na adhabu yake ikawa ileile ya Gandil, aliyeuanzisha mpango. Weaver aliomba kurudishwa mara kadhaa, akakataliwa, akafariki 1956. Mei 2025 jina lake na la Jackson yaliondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa, na wengi wakaandika kwamba wamesafishwa. Kamishna wa wakati huo hakuchunguza upya hatia ya yeyote kati yao. Aliamua tu kwamba adhabu ya maisha inakoma mtu anapofariki.