Alama Nyeusi Siku ya Tatu Baada ya Upasuaji

Alhamisi ya tatu ya Novemba kila mwaka ni siku ya kimataifa ya kuzuia vidonda vya mgandamizo, vile ambavyo wengi huviita vidonda vya kulalia na kuvihusisha na aliyepooza au aliyelazwa wiki nyingi. Kwa hiyo ndugu hushtuka mgonjwa anapoingia thieta, yaani chumba cha upasuaji, akiwa na ngozi safi, kisha siku ya pili au ya tatu akakutwa na baka la zambarau au jeusi juu ya makalio. Neno la kwanza huwa "wamemwangusha" au "mashine imemuunguza".

Mashine ya umeme ya kukatia nyama na kuzuia damu wakati wa upasuaji inaweza kuunguza, hilo sisi wa thieta hatulikatai. Lakini baka linalojitokeza saa 48 hadi 72 baadaye mara nyingi ni la mgandamizo. Nyama iliyogusana na mfupa huumia kwanza, ngozi ya juu hufuata.

Mtu aliyelala kitandani kwake hujigeuza bila kujua. Aliyepewa dawa ya usingizi, au ganzi ya mgongo, hasikii kinachombana wala hawezi kusogea. Uzito wote hukaa kwenye kisogo, viwiko, kitako na visigino, na vimishipa vya damu vya hapo hubanwa. Hatari huongezeka operesheni ikipita saa tatu, presha ikishuka au mwili ukipoa. Mwenye kisukari, mzee na aliyekonda sana wako hatarini zaidi.

Timu huweka godoro maalumu na kuwekea mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse kitu. Mgonjwa huinuliwa, haburutwi, na aidini iliyotiririka chini ya mgongo hufutwa.

Sasa upande wenu, wagonjwa na ndugu. Shanga za kiunoni zivuliwe. Tunajua zina heshima yake, na hatumvunjii mtu mila, ila kila punje hukandamiza nyama kwa saa zote hizo. Hirizi nayo, na vibanio na mafundo ya rasta kisogoni. Haya husemwa kliniki kila siku, lakini bado tunayakuta mezani. Tena usifiche kidonda cha zamani kwa kuogopa kuahirishiwa operesheni. Kificho hicho hakimsaidii yeyote.

Ngozi hukaguliwa mgonjwa anapotoka wodini, anapopokelewa thieta, anapotoka mezani na anaporudi wodini, na kila makabidhiano huandikwa na kusainiwa. Alama ikionekana, huandikwa mahali ilipo, ukubwa wake kwa sentimita, rangi na saa, kisha hujazwa fomu ya tukio. Mwenye malalamiko aanze kwa muuguzi kiongozi wa wodi, kisha mganga mfawidhi. Asiporidhika, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania hupokea malalamiko dhidi ya muuguzi na lina uwezo wa kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista. Hata hivyo, si kila kidonda ni uzembe. Zipo operesheni ambazo mgonjwa hawezi kugeuzwa hadi daktari amalize, na anayelazwa kifudifudi kwa upasuaji wa uti wa mgongo anaweza kuumia paji la uso, kidevu au magoti hata akitunzwa vyema. Uamuzi hufuata kumbukumbu zilizoandikwa, si hasira za kwenye korido.

Mkiona alama, msiisugue, msiikande kwa maji ya moto, msipake dawa ya meno wala mafuta ya mitishamba. Kusugua huchana nyama iliyokwisha kuumia. Mpira wa mviringo wa kukalia nao hatuushauri, kwa sababu hubana damu pembeni mwa jeraha. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, basi msitegemee macho peke yake: gusa kwa mgongo wa kiganja na ulinganishe na upande wa pili. Pakiwa na joto au baridi kuliko kwingine, pakiwa pagumu au pametepeta, au mgonjwa akisema panauma, mwite muuguzi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.