Ringi ya flaiwili haihitaji moto mwekundu

Jumamosi iliyopita iliingia trekta, Massey Ferguson 165 kutoka Kisongo, imevutwa kwa mnyororo mpaka hapa gereji, Unga Limited, Arusha. Maelezo ya dereva yalikuwa mafupi: stata mpya, betri mpya, ukipiga inalia krrr halafu inazunguka bure. Nikamuuliza ringi ya flaiwili ilibadilishwa lini, yaani lile duara la meno lililobanwa kwenye gurudumu zito la nyuma ya injini, ambalo stata hulishika ili kuizungusha injini. "Mwaka huu huu, fundi. Na waliichomelea kabisa ili isitoke." Nikaacha kuuliza. Tulipogawa trekta, yaani kutenganisha injini na gia, na kushusha klachi tukaikuta ringi ina rangi ya bluu na zambarau pande zote, kama dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi. Meno yameliwa hadi nusu ya upana. Kati ya ringi na flaiwili kuna madonge sita ya kuchomelea, mawili tayari yamepasuka.

Ni ya tatu msimu huu, na wenye trekta wote watatu waliambiwa neno lilelile: ringi lazima ipashwe mpaka iwe nyekundu, la sivyo haiingii. Si kweli, na nimechoka kulisikia.

Twende kwenye vipimo. Ringi yenye kipenyo cha ndani cha milimita 350 hutanuka karibu milimita 0.4 kwa kila nyuzi 100 za Selsiasi unazoiongezea. Kiwandani huitengeneza ndogo kuliko kiti chake kwenye flaiwili kwa sehemu ya milimita tu, tuseme nusu. Ukiitoa kwenye nyuzi 25 za hewani ukaifikisha 225, imeshatanuka 0.8. Inadondoka mahali pake yenyewe, na ikipoa inabana kwa nguvu ambayo hakuna stata ya trekta itakayoishinda. Ukiifikisha kwenye wekundu umevuka nyuzi 600, na umeitanua zaidi ya milimita 2. Hizo za ziada unazifanyia nini? Kuingia ilikuwa imeshaingia zamani.

Unachopata kwa moto ule ni hasara. Meno ya ringi yamekomazwa kiwandani, yaani yamepashwa na kupozwa kwa mpango ili yawe magumu. Ugumu huo ukiupelekea moto mwingine unaondoka. Chuma chenyewe hukuonyesha umefika wapi, mradi umekisugua kwa msasa sehemu moja mpaka king'ae: kwenye nyuzi 220 hadi 230 huwa njano kama nyasi kavu, kisha huja kahawia, kisha zambarau, na karibu na 300 huwa bluu. Njano ni salama. Bluu maana yake umeanza kulainisha meno, na ukishaona wekundu hakuna ugumu uliobaki. Bendeksi, yaani gia ndogo ya stata inayoshika meno ya ringi, ni ngumu, ringi sasa ni laini, na kila asubuhi moja inailamba nyingine. Miezi michache baadaye mwenye trekta ananunua stata. Halafu betri. Halafu ananiambia spea za siku hizi ni feki. Feki zipo, sikatai, ila hizi tatu ziliuawa na moto wa gesi.

Ile kuchomelea inazaliwa na moto uleule. Ringi iliyopashwa hivyo, tena upande mmoja zaidi ya mwingine, inapinda, hailali vizuri kwenye kiti chake, na fundi anaona nafasi. Badala ya kujiuliza nafasi imetoka wapi anachukua elektrodi. Flaiwili nyingi za trekta hizi ni za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ukikichomelea kikiwa baridi, pembeni ya donge kinageuka kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo, na ufa huanzia hapo. Kitu hicho kinazunguka karibu mara 2,000 kwa dakika, hatua chache kutoka kwenye miguu ya dereva.

Lazima niseme na upande wa pili. Niliwahi kufungua trekta ya Karatu yenye ringi iliyochomelewa, na mwenyewe akaniapia kwamba imelima misimu sita hivyo. Meno yalikuwa mazima, madonge hayana ufa. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kila iliyochomelewa itakufa. Siifanyi hata hivyo, kwa sababu siwezi kuiangalia ikiwa imefungwa ndani nikajua ni ipi kati ya hizo mbili. Na pale ambapo kiti cha flaiwili kimekwisha kweli, ringi mpya ya saizi sahihi inacheza, sina jibu la kumfurahisha mtu. Natafuta flaiwili kwenye trekta zilizokufa. Mara mbili nimekosa, nikamrudishia mtu trekta yake bila kuimaliza, mvua za masika zikiwa zinakaribia. Ile ya pili bado inaniuma.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kugawa trekta piga kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na bodi, upande huu na ule, injini isije ikalala. Ringi ya zamani itobolewe kwa drili katikati ya meno mawili, karibu kutokea upande wa pili, ila usiiguse flaiwili. Weka tindo, piga mara moja kwa nguvu. Itapasuka, na kipande kinaweza kuruka, kwa hiyo vaa miwani na funika kwa gunia. Kiti kisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kwenye kona, maana gamba moja la kutu linatosha kuikalisha ringi upande.

Kuhusu moto, njia ninayoipenda kuliko zote ni oveni. Jirani yangu ni mama anayeoka mikate, na ananiruhusu mchana baada ya kuuza, mradi ringi nimeiosha kwa sabuni mpaka hainuki mafuta. Dakika arobaini kwenye nyuzi 230 na yote imepata joto sawa. Pasipo oveni, ilaze juu ya mkaa uliotawanywa vizuri na uigeuzegeuze. Gesi ni ya mwisho: mwali mpana, unatembea muda wote, unapasha upande wa ndani na kuyaacha meno. Kipimo changu ni risasi ya kulehemu ya mafundi redio. Ile ya zamani yenye madini ya risasi na bati huyeyuka karibu nyuzi 185, na ile isiyo na madini ya risasi karibu 220. Igusishe ringi sehemu sita au nane. Ikiyeyuka kote, na pale uliposugua pameanza njano, inatosha. Ondoa.

Hapo huna muda. Flaiwili iwe imeshalala chini, baridi, na wewe umeshajua ringi inatazama wapi. Meno yamechongwa mteremko upande mmoja, na mteremko ule ndio mlango wa bendeksi, kwa hiyo lazima uelekee upande bendeksi inakotokea. Angalia stata yako, usikariri kutoka trekta nyingine. Nimeona iliyogeuzwa: kila ukipiga, bendeksi inagonga ukuta. Iweke, igonge kidogo kidogo kwa kipande cha shaba kuzunguka mpaka ikae chini kote, pitisha filagej, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, kuhakikisha hakuna mwanya, kisha iache. Usimwage maji, ipoe yenyewe.

Kuna anayeuliza kama ringi ya zamani inaweza kusogezwa ili meno mazima yafanye kazi. Injini ikizimwa haisimami popote tu, husimama pale pistoni inapokataa kubana hewa. Yenye silinda nne, kama 165, ina sehemu mbili zinazotazamana, na Massey 135 yenye tatu ina sehemu tatu. Ndiyo maana meno huliwa kwa mafungu, mengine yakabaki mapya. Spea ikikosekana naivua kwa moto bila kuipasua, naisogeza robo mzunguko kwa silinda nne, au nyuzi 60 kwa tatu, naibana tena. Inasaidia, ila moto wa pili kwenye chuma kilekile unanitia wasiwasi, na humwambia mteja wazi kwamba ni ya kuvusha msimu.

Kabla ya kufunga, angalia bendeksi yenyewe. Iliyokula ringi laini imechakaa pia, na ukiiacha itaila mpya. Angalia na bushi za stata.

Yule dereva wa Kisongo hakuniamini mpaka nilipompa tupa. Akaipitisha kwenye jino la ringi ya bluu, ikauma, unga wa chuma ukamwagika. Akaipitisha kwenye ringi mpya, ambayo mama wa mikate alikuwa ameitoa kwenye oveni muda si mrefu uliopita na ilikuwa imeshapoa kwenye flaiwili. Tupa ikateleza kama inapita kwenye kioo. Akarudia mara tatu, kisha akaomba kile kipande cha bluu akampelekee aliyemfungia.